Kikohozi Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 14 Julai

Nimefika. Miguu imevimba, shingo imekakamaa, na sanduku langu limeshukia nchi nyingine. Ati litaletwa! Lini? "Karibuni." Hatujaimba hata wimbo mmoja na mimi nimeshanuna.

Mkutano wa Wamennonite wa dunia nzima, na ukumbi wenyewe ni banda la maonyesho ya biashara — sakafu ya saruji, bati juu, na viti vya kukunja ambavyo fundi mwenye haya zake asingevikalia. Wenzangu wanatazama mabango yenye njiwa, mimi natazama viti. Ndiyo kazi yangu, nifanyeje? Kila mtu ana kadi shingoni na tabasamu hadi masikioni. "Amani, dada!" "Amani, mama!" Nimeitikia amani mpaka taya zinauma.

Bwenini nimewekwa na bibi mmoja kutoka nchi za baridi, mjane wa mkulima, anafuma sufu tangu anapofumbua macho. Nimempa jina: Bibi Sindano. Hajui neno langu hata moja, na mimi lake silijui. Tunaelewana vizuri sana. Laiti ingekuwa hivyo na ndugu zangu.

Mchana Mama Ratiba akanikamata. Huyu ndiye anayeendesha kila kitu hapa. Ni mgeni, lakini alifundisha shule za kwetu miaka mingi na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. "Dada Fundi, njoo unisaidie kubeba mabeseni." Ni yale ya kutawadhana miguu Jumapili, yanawekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Na mlango wa chumba hicho — aibu! Bawaba ya juu imelegea, mlango umelala, unakwaruza sakafu. Tulipotaka kutoka ukagoma kabisa. Ikabidi mimi niuinue kwa kitasa kutoka ndani, na mpishi aliyekuwa akipita ausukume kwa bega kutoka nje. Nikaomba bisibisi, kazi ya dakika tano. Nikaambiwa ukumbi una mafundi wake na utaratibu wake. Haya.

Jioni Mama akapiga simu. Nimeshamwona kaka yangu? Bado. "Mtafute." Nikamwambia yeye ndiye mkubwa, anitafute yeye. Mama akasema anataka kutuona tumeingia nyumbani kwake pamoja, wawili, kabla hajafa. Kila siku kabla hajafa! Mwanamke ana afya kuliko mimi. Lakini sikucheka.

Jumanne, 15 Julai

Nilimsikia kabla sijamwona. Foleni ya chai, nyuma yangu — kile kikohozi. Kikavu, viwili vya haraka, halafu anasafisha koo kama mtu anayetaka kutoa tangazo. Anacho tangu mtoto. Ndiyo maana nyumbani jina lake ni Kifua. Watu wengine humwita Mchungaji. Mimi kwa sasa simwiti kitu.

Akanitazama juu ya kikombe. Akainamisha kichwa kidogo, hivi, kama watu waliowahi kukutana benki. Miaka mitatu! Kaka yangu wa tumbo moja! Nikampa kisogo, na chai nusu nikaimwaga kwenye viatu vya mjumbe mmoja ambaye hata simjui.

Acha niyaandike, labda nitatulia.

Kanisa letu lilipogawanyika kwa ajili ya kugombea uaskofu, Baba alifuatana na waliotoka, na mimi nikafuatana na Baba. Tukawa tunasali kwenye darasa la watoto, magoti yakigonga madawati. Kifua akabaki upande wa pili, na jengo, na ufunguo wa jengo. Sawa. Watu hugombana. Halafu Baba akafa. Baba seremala, ambaye mlango wa lile kanisa aliuchonga mwenyewe, akaupiga randa na msasa na vanishi kabla sisi hatujazaliwa. Jeneza lake nilitengeneza mimi, kwenye karakana yake, kwa randa yake. Mama akasema mume wake atapitia kwenye mlango wake, apende asipende askofu. Tukambeba mpaka pale. Umefungwa.

Tuligonga. Tuliita. Jeneza tukaliweka juu ya vigoda viwili vya jirani, juani, na ibada ikafanyika uani kama ya mtu asiye na kwao. Mama amekaa kwenye ngazi, mgongo ameuegemeza kwenye mlango. Baadaye Kifua akasema hakuwepo! Alikuwa safarini. Mlinzi wa kanisa naye alisafiri na ufunguo. Bahati mbaya, anasikitika sana.

Mwongo! Mimi niliweka sikio kwenye ubao. Ule mlango ni mzito lakini chini una mwanya. Nikasikia kikohozi. Viwili vya haraka, halafu kusafisha koo.

Nilimwambia Mama peke yake. Mama akasema labda ni popo. Popo wa kusafisha koo! Lakini tangu siku hiyo hajakanyaga kanisa lao wala letu. Jumapili anakaa nyumbani na kuimba peke yake jikoni.

Sisi hatuapi. Hata mahakamani hatushiki kitabu, tunasema ndiyo yetu inatosha. Sasa mtu wa namna hiyo akidanganya, amebaki na nini? Mimi leo ningeapa, haki ya — basi.

Jumatano, 16 Julai

Nimechafukwa! Sijui hata nianzie wapi.

Mama Ratiba alinishika mkono baada ya maombi ya asubuhi, uso unang'aa. Ana habari njema. Jumapili, kabla ya Meza ya Bwana, mkutano mzima utashuhudia upatanisho wa kanisa letu. Ndugu wawili wa pande mbili! Kaka atamtawadha dada yake miguu, jukwaani, mbele ya dunia nzima. Nikauliza ndugu gani hao. Akacheka kwa furaha. "Ninyi!"

Hakuna aliyeniuliza. Askofu wao amekubali, mwenyekiti wetu amekubali, Kifua amekubali. Miguu ni ya nani? Ni yangu!

Nikamwambia kwetu wanaume hutawadhana wenyewe na wanawake wenyewe. Anajua, amekaa kwetu. Akasema ndiyo, lakini safari hii itakuwa ishara nzuri, na kwenye skrini itapendeza. Nikamwambia basi na ile desturi nyingine anaijua pia: kabla hujagusa beseni, kama una neno na mwenzako unamwendea kwanza, wawili tu, mnayamaliza. Ndiyo maana kwetu tunapewa wiki nzima ya kujiandaa. Beseni linakuja mwisho. Akaitikia kwa kichwa, anaelewa kabisa. "Ndiyo maana tuna mazoezi leo mchana," akasema.

Mazoezi! Ya kusameheana! Watu hawa wanaipenda amani mpaka wanaifanyia mazoezi kama kwaya ya Krismasi.

Nilikwenda. Nilitaka kumwona machoni. Beseni kavu, halina tone la maji. Mtu wa taa anapiga kelele nisogee kushoto, mguu wangu uko gizani. Kifua kwa suti yake akapiga magoti, akanishika kisigino hewani kama fundi viatu anayekadiria soli. Vidole vya baridi. Macho ameyakaza kwenye beseni, hakuyainua hata mara moja. Halafu akaenda kwenye maikrofoni kujaribu ushuhuda wake. Mkewe, wifi yangu, ameketi mstari wa mbele na leso mdomoni.

Siku ya msiba wa baba yetu, akasema, palitokea sintofahamu kuhusu ufunguo. Mlinzi alikuwa amesafiri. Shetani akapata nafasi. Lakini Mungu ni mwema.

Shetani! Maskini shetani, anasingiziwa pamoja na mlinzi.

Nikavaa kiatu changu. Mtu wa taa akasema bado hatujamaliza. Nikamwambia mimi nimemaliza. Nikasukuma mlango wa kwanza nilioukuta, kumbe ni wa dharura, king'ora kikalia jengo zima. Kililia mpaka nafika bwenini na sikuona haya hata kidogo.

Bibi Sindano alinitazama, akaweka sufu chini, akanitengea kiti. Nikammwagia hasira yote kwa Kiswahili. Aliitikia kila neno, kwa sauti ya mtu ambaye naye ana kaka.

Alhamisi, 17 Julai

Sanduku limefika. Mpini umevunjika.

Mama Ratiba amekuja na kapu la mawe. Ati nichague jiwe linalofanana na maumivu yangu, nilishike, nizungumze nalo, kisha niliweke chini. Nikachagua kubwa kuliko yote. Nikamwambia hili siliweki chini, nakwenda nalo mlangoni kwa Kifua. Akaogopa kwelikweli! Akanipokonya taratibu, kama unavyompokonya mtoto kisu.

Siyo mtu mbaya. Alikaa, akanywa maji, akaniuliza nataka nini hasa. Nikamwambia sitaki machozi, sitaki skrini. Nataka aje, mimi na yeye, aseme alikuwa wapi siku ile. Kwa mdomo wake. Basi! Akija, Jumapili nitapanda na atanitawadha hadi magotini akitaka. Asipokuja, sipandi. Akasema atamfikishia. Nikampa mpaka Jumamosi jioni.

Halafu Mama kwenye simu, analia kwa furaha. "Nimeambiwa mtatawadhana!" Nani amemwambia? Kifua, nani mwingine! Mama ameshaanza kufagia ua. Anasema tukishuka tuje moja kwa moja kwake, amefua mashuka ya vitanda vyetu vya zamani. Nilishindwa kumwambia. Nikasema simu inakatika.

Yaani kwangu hafiki, ananizungukia kwa Mama! Macho makavu! Na mimi ndiye nitakayeonekana mbaya, si ndiyo? Yeye amepiga magoti, mimi nimeondoka na kuliza king'ora.

Ijumaa, 18 Julai

Wifi amenifuata kwenye chumba cha kufulia. Nilikuwa naisugua blauzi kana kwamba imenitukana.

Wifi si mtu wa maneno mengi. Zamani tulipendana. Yeye ndiye aliyenipokelea mwanangu wa pili usiku mvua ilipokata barabara. Baada ya msiba tukawa tunasalimiana kwa mbali, kila mtu akimlinda wa kwake. Sasa akasimama pale, anakunja shuka ambalo hata si lake.

"Mwenzio halali," akasema.

"Mpe maziwa ya moto."

"Wifi, usinifanyie hivyo."

Nikafunga bomba. Akaniambia bila kunitazama, anakunja, anakunjua, anakunja tena. Siku ya msiba askofu alipiga simu alfajiri: jengo lisifunguliwe, atakayefungua avue joho lake la uchungaji siku hiyohiyo. Kifua akamtuma mlinzi mbali, kwa shughuli ya uongo. Akaingia kanisani mwenyewe, akajifungia kwa ndani. Alirudi nyumbani jioni, suruali nyeupe magotini kwa vumbi. Alikuwa amepiga magoti mlangoni, muda wote tulipokuwa tukiimba. Alimsikia Mama akimwita. "Niliifua ile suruali mwenyewe," wifi akasema. "Akaniomba nisiseme. Leo nimesema. Nakuomba, usimwaibishe mbele za watu."

Najua mtu mwingine hapo angelainika. Mimi nimezidi kuwaka! Alikuwa anaomba! Anamwomba Mungu afanye nini, amfungulie? Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake! Mama mgongo wake kwenye ubao upande huu, yeye magoti yake upande ule, katikati ubao wa Baba tu. Angenyoosha mkono! Hata kama angevuliwa joho, angekuja karakanani, ningempa randa, tungekula!

Nikamwuliza wifi, na wewe ulijua, miaka yote hii? Machozi yakamshuka. Sikumkumbatia. Nilishika ncha mbili za lile shuka, yeye mbili, tukalikunja vizuri. Ndicho nilichoweza.

Sasa neno lenyewe ninalo. Jumapili kuna maikrofoni. Naweza kupanda kwa upole kabisa, nikae, aanze habari zake za sintofahamu, halafu niseme: kaka, ulikuwa ndani. Maneno matatu tu. Wakalimani watayapeleka kwa kila taifa! Abaki hapo na beseni lake.

Nimeyarudia kimoyomoyo siku nzima. Ni matamu. Ni matamu mno, yananitisha.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi Kifua alikuwa na semina. Kichwa cha semina: Amani Huanza Nyumbani. Nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka.

Nikaenda. Mstari wa mbele, kiti cha katikati, mikono nimefumbata. Bibi Sindano akafuatana nami na sufu yake, akakaa pembeni yangu. Hakuelewa neno, lakini alimkazia macho sawasawa na mimi. Kifua alianza vizuri, ana sauti hiyo, alirithi kwa Baba. Akafika mahali pa kusema nyumba ambayo ndugu hawaongei. Akaniona. Akapoteza mstari. Akatafuta kwenye karatasi zake, akakohoa, akanywa maji, akakohoa tena, akasema muda wetu umekwisha. Ulikuwa bado nusu! Watu wakapiga makofi kwa mshangao.

Nilidhani nitafurahi. Nilisikia njaa tu.

Jioni nilikaa kwenye benchi mbele ya bweni, mahali ambapo hata asiyeona angenikanyaga. Nikangoja. Jua likaelekea chini ya paa la ukumbi. Wajumbe wanapita, amani dada, amani dada. Halafu naye huyo anakuja, begi kwapani, peke yake. Akasimama mbele yangu.

"Habari za jioni."

"Nzuri."

Akafungua mdomo — nikaona kabisa, mdomo ulifunguka! — halafu akakohoa. Mara mbili. Akasafisha koo. Akaondoka.

Habari za jioni! Amevuka bahari na mabara, ana siku ya mwisho mkononi, ananiletea habari za jioni! Ningekuwa na lile jiwe!

Nilimwambia Mama Ratiba sipandi. Hakubishana. Alifuta miwani kwa ncha ya blauzi muda mrefu, akasema basi walau asubuhi nimsaidie kujaza mabeseni, watu wake ni wachache. Nikakubali. Kujaza maji si kusamehe.

Au nipande? Nipande niseme yale matatu? Kila nikiyafikiria namwona Mama na ufagio, ua mzima safi, anatazama njia. Na wote wawili ni watoto wake. Mtu akimwambia kwamba mwanawe ameanikwa mbele ya watu maelfu, na mwanikaji ni nani — mimi! Yaani hata hasira yangu hawaniachii niitumie nitakavyo.

Jumapili, 20 Julai

Niko kwenye chumba cha mabeseni. Nimejifungia. Kama mtoto!

Mabeseni nilijaza yote, maji ya vuguvugu, taulo nikazikunja. Mama Ratiba na wengine wakabeba yote wakatoka, likabaki moja, la jukwaani. La kwetu. Nikaambiwa mwenyewe nitaamua kama litatoka. Basi nikaurudisha mlango, nikaukandamiza mpaka ukakaa. Nimeketi juu ya kreti, daftari gotini, beseni mbele yangu linapoa.

Ng'ambo ya ukuta wanaimba. Sauti nne, bila kinanda, watu kutoka kila upande wa dunia, na hakuna anayemtafuta mwenzake, wote wamekutana. Sikutaka wimbo uwe mzuri leo! Ile besi. Baba aliimba besi. Uani siku ile hatukuwa nayo, wimbo ukasimama kama meza isiyo na mguu mmoja. Na mwenye besi yuko ndani, kimya, na ufunguo mfukoni!

Mama Ratiba amegonga. "Dada Fundi, upo?" Nikanyamaza. Akaenda.

Afadhali. Wakitafuta wakikosa, watafanya kitu kingine. Watasali. Wana maombi ya kila namna.

Mtu yuko nje ya mlango. Hagongi.

Kikohozi. Viwili.

Nimezuia pumzi. Sasa amegonga, kwa kiganja, siyo kwa vidole, vile Baba alivyokuwa akigonga. "Fundi." Sijibu. "Fundi, uko humo?" Sijibu! Mguu wangu umegusa beseni, likalia kwenye saruji. Basi amejua.

"Hata mimi nilikuwa ndani," amesema.

Naandika haraka maana yanatoka haraka. Hakusafiri. Mlinzi, yeye ndiye aliyemtuma mbali. Ufunguo ulikuwa mfuko wa kulia. Alisikia vigoda vinawekwa. Alimsikia Mama akiita, Kifua, Kifua, fungua mwanangu, akauma kiganja chake asijibu. Alisikia mtu ameweka sikio kwenye ubao akajua ni mimi, nani mwingine angesikiliza ubao. Anasema jana pale benchini alikuja nayo yote mdomoni. Anasema uso wangu umekuwa wa Baba, ukamshinda.

Halafu: "Sijui niombe nini. Nimekuja tu kusema."

Ameyasema! Hakuna maikrofoni, hakuna skrini, hakuna mkalimani. Ndiyo yale niliyoyataka, neno kwa neno, zaidi ya niliyoyataka. Na hasira yangu iko palepale! Nilidhani itashuka kama maziwa yakiepuliwa. Haijashuka! Mama alikaa kwenye ngazi! Alikuwa akituimbisha na sauti imekauka, na wewe unauma kiganja!

Wimbo umekwisha ng'ambo. Mama Ratiba kwenye kipaza sauti, sauti yake inatetemeka, anasema tuwangoje ndugu zetu wawili kwa ukimya. Ukumbi mzima umenyamaza. Maelfu ya watu, husikii hata kiti.

Anajaribu kitasa. Kimezunguka, mlango haukwenda. Anadhani nimefunga. Sijafunga! Kitasa hiki hakina hata tundu la ufunguo, mlango umelala tu, bawaba ya juu!

"Nastahili," anasema.

Na sasa — magoti. Nimesikia magoti yakishuka kwenye saruji.

Nimesimama. Daftari nimelibana kwenye fremu, mkono mmoja unaandika, mwingine uko kwenye kitasa. Nimeuinua. Umenyanyuka kidogo tu. Peke yangu hautoki, lazima wa nje asukume. Na yeye hajui! Amepiga magoti tena, vilevile, mlangoni, kama siku ile! Inuka, bwana! Simama usukume! Neno liko hapa kooni. Nikilisema atadhani nimeshamsamehe, na mimi sijamsamehe. Nalisema hivyohivyo: Kifua, sukuma!